Murghab hadi Karakul kwa siku moja kwa baiskeli: inawezekana?

PedeliMoja

Habari zenu wadau. Niko Tajikistan kwenye barabara ya Pamir, ile M41, natokea Khorog naelekea kaskazini. Nimeshapita kilele cha Koitezek na kijiji cha Alichur, leo nimeingia Murghab. Nimeoga maji ya moto na nimepata intaneti ya kusuasua, kwa hiyo nauliza kabla haijakata.

Kutoka hapa hadi kijiji cha Karakul ramani inanionyesha kama kilomita 130, na katikati pana kilele cha Ak-Baital, mita 4,655. Kwenye lami tambarare nimezoea kumaliza 130 na mzigo wangu kabla jua halijazama. Je, hii nayo ni ya siku moja? Kama siyo, nilale wapi?

Baiskeli ni ya chuma, magurudumu ya inchi 26, tairi za upana wa inchi 2, mabegi manne, hema, jiko la petroli. Gia yangu nyepesi kabisa ni meno 26 mbele na 36 nyuma. Mimi, baiskeli na mzigo ni kama kilo 110, maji sijahesabu. Kule Koitezek kichwa kiliniuma kidogo, sasa kimetulia.

Jogoo_wa_Kilele

Mkuu, inawezekana kabisa, usitishwe na namba. Umeshapita Koitezek yenye mita 4,271, sasa hapo kuna mita mia nne tu za ziada. Amka saa kumi alfajiri, kula vizuri, ikifika saa nane mchana uko juu, baada ya hapo ni mteremko hadi ziwani. Karakul unalala kitandani. Kulala kwenye hema kwenye baridi ile ni kujitesa bure.

MamaSpoki

PedeliMoja mwanangu, pole kwa vumbi. Inawezekana, wapo waliofanya. Lakini wewe umepiga hesabu ya kilomita, na kule kilomita hazina kazi. Jiulize utakuwa juu ya kilele saa ngapi. Hilo ukishalijibu, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Nakueleza jinsi siku yenyewe ilivyo. Ukitoka Murghab, kwenye mita 3,600 hivi, barabara inafuata bonde la mto unaoitwa Ak-Baital kama kilele chenyewe. Lami ipo, yenye mashimo, na magari ni machache kuliko uliyoyaona huko nyuma, kwa sababu malori yanayotoka China kupitia mpaka wa Kulma yanaelekea upande wa Khorog. Bonde ni pana, halina mti hata mmoja, milima ya kahawia na myekundu huku na huku. Tatizo ni kwamba linapanda kidogo kidogo mno. Macho yanakuambia tambarare, miguu inakataa. Utashuka kuangalia kama breki imeshika rimu. Haijashika. Ni mwinuko huo, na hewa hiyo.

Haya, hesabu. Kuzipandisha kilo 110 mita 1,050 ni kazi ya kama kilojuli 1,130. Msafiri wa kawaida anakanyaga wati 100 mfululizo, na kwa wati hizo ni saa tatu na zaidi za kupambana na mvutano wa dunia peke yake, kabla hujalipia kokoto na upepo. Na hizo wati 100 ni za mtu anayevuta hewa ya pwani. Kwenye mita 4,655 shinikizo la hewa ni kama asilimia 57 tu ya lile la usawa wa bahari, kwa hiyo hata 100 hutazipata.

Halafu upepo. Asubuhi bonde limelala. Jua likishapasha miamba, hewa inaanza kutembea, na kufikia saa nane mchana ni ugomvi. Ratiba ya Jogoo inakufikisha kileleni saa hiyo hiyo, umechoka, na bado una zaidi ya kilomita 50 mbele. Anazoziita mteremko mimi nilizipita. Kipande cha kwanza ndiyo, unashuka. Baada ya hapo ni kokoto zilizokunjamana kama bati, unakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kisha uwanda mrefu ambao upepo unaupenda sana.

Kwa hiyo mimi nasema siku mbili. Siku ya kwanza ondoka Murghab asubuhi bila kukimbizana, panda bonde, piga hema alasiri kabla mwinuko mkali haujaanza. Usivuke mita 4,100 kwa kulala. Siku ya pili, juu ya kilele kabla ya saa sita mchana, ukiwa na saa zote za mwanga mbele yako kwa ajili ya upande wa pili, ambao ndio mgumu.

Kuhusu huo mwinuko wa mwisho. Lami inakuacha, barabara inakuwa ya mawe, inasimama wima. Gia yako ya 26 kwa 36 inakusogeza kama mita moja na nusu kila mzunguko wa pedeli. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, unakwenda kilomita 5 na kitu kwa saa. Chini ya hapo usukani unaanza kuyumba, gurudumu la mbele linatafuta mtaro. Kusukuma kwa miguu ni kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Unaona tofauti ilivyo ndogo? Shuka, sukuma hatua hamsini, simama, pumua, endelea. Mimi nilisukuma sehemu kubwa ya kipande kile na sikuona wa kuniuliza.

Jogoo_wa_Kilele

Mama Spoki unamtisha kijana. Mimi nililala Karakul siku ile ile, tena niliingia taa zikiwa bado hazijawashwa.

MamaSpoki

Sikatai, Jogoo. Ulikuwa na begi ngapi? Na upepo ulikuwa wa mgongoni au wa usoni? Hilo hukulisema, na ndilo lililokufikisha.

Jogoo_wa_Kilele

Begi mbili ndogo. Upepo haukuwa mbaya, nakiri.

Kilima_kwa_Kilima

Naongezea kidogo, mimi niliipita kwa kutokea kaskazini, Osh, Sary-Tash, Kyzyl-Art, Karakul, kisha Ak-Baital. PedeliMoja, shukuru umepita upande uliopita. Wanaotoka Osh wanapanda kutoka mita elfu moja hivi hadi 4,280 za kilele cha Kyzyl-Art kwa siku chache, miili yao haijajua kinachoendelea. Wewe umelala Alichur kwenye 3,800 na kitu, ukashuka kulala Murghab. Damu yako imeshaanza kuzoea. Kanuni wanayoitumia madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kulala kwenye 4,100 kutoka Murghab uko ndani ya kanuni hiyo, kwa hiyo mpango wa Mama Spoki hauivunji.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: maji. Bonde la upande wako lina mto, chuja unywe. Ukishuka upande wa pili unafuata mto Muzkol, jaza hapo hapo kila chombo ulicho nacho. Ziwa Karakul ni la chumvi, halina mto unaotoka humo, na utaliona limelala pale la buluu muda mrefu kabla hujalifikia, ukidhani umeshapata maji.

PedeliMoja

Shikamoo Mama Spoki, asante sana. Na wewe Kilima, asante. Basi nimekubali siku mbili. Maswali matatu zaidi, samahani nawachosha. Moja, usiku kwenye 4,100 baridi ikoje mwezi huu wa Julai? Mbili, umesema upande wa pili ndio mgumu, baiskeli inaharibika nini hasa? Tatu, kichwa kikirudi kuuma, nishuke wapi? Nina vidonge vya asetazolamidi, sijavianza.

MamaSpoki

Marahaba mwanangu. Naanza na la tatu kwa sababu ndilo lenye uzito.

Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula, kulala vibaya: hayo ni ya kawaida huko. Pumzika hapo hapo, kunywa maji, usipande hata mita kumi hadi kiachie. Kikizidi, au ukianza kutapika, rudi chini. Lakini kuna dalili mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Ya kwanza, ukitembea unayumba kama mlevi au unashindwa kupanga maneno, huo ni ubongo unavimba. Ya pili, unakosa pumzi ukiwa umekaa tu na kikohozi kinakoroma kifuani, hayo ni maji kwenye mapafu. Hapo unasimamisha gari lolote linalopita, baiskeli iachwe kando ya barabara kama haiingii.

Sasa swali lako la kushuka wapi ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jibu lake ni baya. Angalia urefu wa nchi pale. Nyuma yako Murghab ni 3,600. Mbele yako Karakul ni zaidi ya 3,900, na ukitaka kushuka zaidi ya hapo kwa kuendelea kaskazini lazima kwanza upande Kyzyl-Art. Yaani ukivuka Ak-Baital ukiwa mgonjwa, umejifungia ndani ya bakuli ambalo kingo zake zote ni za juu. Kwa hiyo uamuzi unafanyika kwenye hema, asubuhi, kabla ya kilele. Ukiamka kichwa kinagonga na chai haishuki, geuza usukani. Kurudi Murghab ni mteremko na upepo wa asubuhi haujaamka, saa chache tu uko kwenye kitanda, na kutoka hapo magari ya kwenda Khorog yapo.

Vidonge: vinasaidia mwili kuzoea, watu wengi huanza siku moja kabla ya kupanda. Vinakojoza, na vinawasha ncha za vidole kama sindano, usishtuke. Wenye mzio wa dawa za salfa waulize daktari kwanza. Na visiwe sababu ya kuendelea kupanda huku unaumwa.

Baridi. Julai au si Julai, usiku maji yanaganda. Mimi niliamka zipu ya hema imeshikana kwa barafu, nikaipulizia pumzi hadi ikaachia jino moja moja, na vidole vilikuwa vimeshachoka kabla siku haijaanza. Chupa zilaze kichwa chini, maji yanaanza kugandia juu, kwa hiyo asubuhi ukizigeuza mdomo uko wazi. Kichujio chako cha maji, kama ni kile cha nyuzi zenye tundu ndani, kilaze nacho kwenye mfuko wa kulalia. Kikiganda mara moja nyuzi zinapasuka, na kwa macho hutaona chochote, kitaendelea kutoa maji vizuri kabisa ila wadudu wanapita. Betri na simu navyo viingie humo humo. Utakuwa na msongamano, lakini utavumilia.

Chakula: juu hapo maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 86. Maharage sahau. Wali utakula umechemshwa nusu na petroli imekwisha. Beba tambi za haraka, uji wa shayiri, mkate, karanga, biskuti. Soko la Murghab ni yale makontena ya chuma yaliyopangwa mistari, pitia leo jioni, noti ndogo za somoni mkononi. Petroli ya jiko ichuje kwa kitambaa safi, uchafu wake unaziba pua ya jiko.

Sasa baiskeli. Hapa ndipo ninapopapenda mwenyewe.

Kokoto zilizokunjamana zinapiga kwa mpigo mmoja, saa nzima bila kupumzika, na kila boliti iliyokazwa kiuvivu inajifungua. Zinazotangulia ni za keria. Nikiwa nashuka kuelekea Muzkol nilisikia mlio mpya: siyo kelele, ni kama mtu anagonga kijiko mezani polepole. Niliposimama, keria ya nyuma ilikuwa imeachia upande wa kushoto chini, boliti haipo, na begi limeshaanza kuegemea spoki. Ningeendelea mita mia mbili, ningekuwa na gurudumu la kutupa. Boliti niliitoa kwenye kishikio cha chupa, maana zile ni za milimita 5 sawasawa na za keria kwenye baiskeli nyingi. Tazama yako leo kama zinalingana. Nikaikaza, nikafunga na waya kwa nje, chupa ikasafiri ndani ya begi. Hadi leo kishikio kile kina boliti moja.

Kwa hiyo leo, ukiwa bado na mwanga, fungua kila boliti ya keria ya mbele na ya nyuma, weka gundi ya nyuzi, ile inayozuia boliti kujifungua, kama unayo, kaza upya. Beba waya na vibana vya plastiki mahali pa kufikika, siyo chini ya hema. Shika spoki mbili mbili kwa vidole, ukikuta moja imelegea kuliko wenzake ikaze sasa. Spoki mbili za akiba za upande wa gia zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu. Upande huo ndio unaokatika, na ndio mgumu kuubadilisha kwa sababu lazima ung'oe kaseti, lile rundo la gia za nyuma.

Tairi: kwenye lami labda unajaza psi 45. Ukifika kilele punguza hadi karibu 30 mbele na 35 nyuma kwa uzito wako. Utahisi viwiko vinakushukuru. Usishuke chini zaidi, mawe ya pale yana makali na rimu haitakusamehe. Pampu lazima iwe nzima, ijaribu leo.

Na breki, usizikalie. Bana kwa nguvu, achia, bana, achia. Ukishika kidogo kidogo muda wote, rimu inapata moto hadi tyubu inalalamika. Kama zako ni za diski, pedi zinang'aa kama kioo na kuacha kushika.

Kilima_kwa_Kilima

Mikono nayo. Badilisha unavyoshika usukani kila dakika chache. Mimi vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikufa ganzi wiki kadhaa baada ya kipande kile. Mshipa wa fahamu unapita pale kwenye kiganja, ukiugandamiza kwa mtetemo haukubaliani nawe.

PedeliMoja

Nimekagua. Boliti mbili za keria ya mbele zilizunguka kwa vidole, bila hata spana! Za kishikio cha chupa ni hizo hizo milimita 5. Nitapumzika hapa kesho na kuondoka kesho kutwa. Kuna uzio nimesoma unafuata barabara, ule wa mpaka wa China. Naruhusiwa kupiga hema karibu nao? Na kibali cha kuingia jimbo hili la Gorno-Badakhshan nionyeshe wapi?

MamaSpoki

Uzio utauona upande wako wa kulia, nguzo na waya, kilomita baada ya kilomita, sehemu nyingine nguzo zimeng'olewa na waya umelala chini. Usidanganywe na hizo nafasi. Usivuke, hata kwenda haja. Mpaka wenyewe uko mbali zaidi huko milimani, lakini askari hawatakuuliza jiografia. Hema lipige upande wa kushoto wa barabara, karibu na mto lakini juu ya usawa wake, kwa sababu theluji ikiyeyuka mchana mto unaongezeka jioni.

Kibali kiwe mfukoni pamoja na pasipoti, siyo ndani ya begi. Karatasi, siyo picha ya simu. Toa nakala mbili tatu hapo Murghab ukipata mashine, kwenye kizuizi wakitaka kubaki na moja unawaachia na safari inaendelea.

Ukifika Karakul, nyumba zinazopokea wageni zipo. Wenyeji ni Wakirgizi, Kirusi kidogo kinatosha. Elewaneni bei kabla hujashusha mabegi. Na uombe chakula mapema, kabla ya kuoga, kwa sababu jiko lao linawashwa kwa samadi na vichaka vya teresken, haliwaki kwa kubonyeza.

Jogoo_wa_Kilele

PedeliMoja, ukipata upepo wa mgongoni juu ya kilele utanikumbuka.

PedeliMoja

Nitakukumbuka mkuu, lakini nikiwa nimeshalala usiku mmoja kwenye hema. Mama, la mwisho kabisa: gundi ya nyuzi sina, na hapa sokoni hawaijui. Nitumie nini?

MamaSpoki

Rangi ya kucha. Kontena lolote linalouza sabuni na vitana linayo. Safisha nyuzi kwa petroli, zikauke, paka tone moja, kaza, acha usiku mzima. Chukua rangi inayoonekana kwa mbali, nyekundu ni nzuri: chora mstari mdogo kutoka kwenye kichwa cha boliti hadi kwenye keria. Kila ukisimama kunywa maji angalia mistari. Uliokatika, boliti yake imezunguka.